Mbuzi Mweupe wa Gredi ya Tatu

Miezi ya baridi, huku kwetu Giakanja, ukungu hushuka mpaka lango la shule halionekani. Unasikia watoto tu. Kila asubuhi nikipeleka maziwa nilipita pale nikasikia darasa la binti yangu, Gredi ya Tatu, likisoma.

"Bibi mmoja alikuwa na mbuzi mweupe. Kila asubuhi mbuzi alivuka mto."

Ilikuwa sauti moja. Hakuna mtoto aliyetangulia wala aliyechelewa, na hakuna aliyekohoa, baridi yote ile. Watu walisimama barabarani kusikiliza. Hata mimi nilisimama, na nikajisikia vizuri, siwezi kukataa. Shule yetu ilikuwa imedharauliwa miaka mingi. Walimu wakuu walikuja na kuondoka, kila mmoja na rangi yake ya lango, na watoto wakabaki vile vile. Huyu mpya alikuja na kitu alichokiita Mfumo. Wazazi wa Ruring'u, majirani zetu, wakaanza kuhamishia watoto kwetu. Kwetu! Hiyo haikuwa imewahi kutokea.

Sasa nieleze siku ya unga.

Nilikuwa nasonga ugali. Nikamwambia binti yangu anisomee pakiti ya unga, neno lile kubwa la mbele tu. Alikuwa amekaa amelegea kama mtoto yeyote aliyetoka shule. Aliposikia neno "soma" akasimama wima. Akaishika pakiti kwa mikono miwili mbele ya kifua, macho yakatazama juu ya kichwa changu, pale kwenye ukuta mtupu.

"Bibi mmoja alikuwa na mbuzi mweupe."

Nikacheka. "Wacha mchezo. Soma."

"Kila asubuhi mbuzi alivuka mto."

Kwenye "mto" akalamba kidole, akaigeuza pakiti kama ukurasa. Unga ukamwagika wote kwenye miguu yake. Hakuangalia chini. Akaendelea na mbuzi mpaka mwisho, amesimama kwenye ule weupe, halafu akaketi na kuuliza chakula kiko tayari lini.

Nilijaribu jina la duka na maandishi ya kalenda. Nilijaribu hata jina lake mwenyewe, lile nililoshona kwenye sweta. Kote alisoma mbuzi.

Kesho yake nikaenda shule na hiyo pakiti tupu kwenye mfuko. Nikakuta ni siku ya wageni. Maafisa wa elimu wamekuja, na walimu wakuu kutoka shule zingine, wengine mbali kama Timau, wamekuja kujifunza Mfumo. Mwalimu mkuu alinipokea kwa meno yote.

"Mzazi! Karibu. Kaa nyuma uone vile watoto wameiva."

Nikakaa nyuma. Watoto wakasimama. Nilikuwa mahali wageni hawakuwa: niliona vitabu kutoka upande wa ndani. Binti yangu alikuwa ameshika cha kusoma. Aliyekuwa kando yake alikuwa na kitabu cha hesabu. Mwingine cha dini. Wa mbele yao alikuwa ameshika daftari jipya ambalo halijaandikwa kitu. Wote wakasoma mbuzi. Walipofika kwenye "mto" nikaona vidole vyote vikipanda mdomoni, na kurasa zikageuka kwa sauti moja, ile sauti ya kuku wakiruka kutoka kwa kiota.

Wageni wakapiga makofi. Mimi nikasimama na pakiti yangu.

"Mpeni yeyote kati yao asome hii," nikasema. "Neno moja tu. Unga."

Watoto hawakugeuka kuniangalia, hata wangu. Mwenyekiti wa wazazi akanishika mkono.

"Wewe msichana, unataka nini? Shule imeinuka!"

"Imeinuka kwenda wapi? Huyu wangu hajui hata jina yake!"

"Ati hajui, na umemsikia akisoma? Wivu ya nini na mtoto ni wako?"

Wageni wakacheka. Nikatolewa nje kama kuku aliyeingia kanisani.

Muda si mrefu mwalimu mkuu akapandishwa cheo. Aliinua shule, kwa hivyo akapewa shule nyingi za kuinua. Wazazi walimuaga vizuri, wakamvalisha blanketi mabegani na kumbeba juu wakiimba. Mimi nilibaki nyumbani. Shule ikaletewa mwalimu mkuu mwanamke, mpole wa sauti, ambaye sote tulimwita Madam.

Siku yake ya kwanza nilikuwa langoni na maziwa. Ukungu ulikuwa mzito. Nikasikia akisema darasani, "Leo tutasoma kitabu kingine. Hiki ni cha simba." Halafu ikaja ile sauti.

"Bibi mmoja alikuwa na mbuzi mweupe."

"Hapana, watoto. Simba. Angalieni picha."

"Kila asubuhi mbuzi alivuka mto."

Aliwasimamisha mara kadhaa. Kila mara walianza upya, polepole kidogo, kama watu wanaomhurumia. Nikasogea mpaka karibu na veranda. Mwishowe Madam akatoka nje akasimama pale. Alikuwa amefinya chaki mkononi mpaka ikawa unga. Akaniona.

"Mzazi, hawa watoto wamefanywa nini?"

"Wameinuliwa, Madam."

Hakucheka. Siku hiyo hiyo akaanza na herufi, darasa zima, kama chekechea. Wazazi wakawaka. Mwenyekiti akaja kupiga kelele ofisini kwamba ameangusha shule, na wale wa Ruring'u wakarudisha watoto wao. Nikamuuliza Madam kitu kimoja tu.

"Utakaa? Ama utapaka lango uende?"

"Nitakaa mpaka wanihamishe, mzazi. Sitakudanganya zaidi ya hapo."

Nilikasirika, maana nilitaka uongo. Lakini lango halikupakwa, na asubuhi nikipita nilisikia vurugu: huyu anasema "ba", yule "da", mwingine analia, mwingine anakohoa. Kelele mbaya kabisa. Nilikuwa nasimama kuisikiliza.

Juzi dada yangu alinipigia kutoka Timau, ambako anafanya kazi kwa shamba la maua. Binti yangu alikuwa kando yangu na pakiti ya unga, tukipambana nayo.

"Shule yetu imebadilika!" dada akasema. "Kuna mfumo mpya. Hebu sikia huyu wangu anavyosoma. Soma, mama, mamako mdogo asikie."

Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Bibi mmoja alikuwa na mbuzi mweupe."

Sauti ilikuwa ya mtoto mwingine, lakini mapumziko yalikuwa yale yale. Nikaangalia chini. Midomo ya binti yangu ilikuwa inakwenda, na macho yameshapanda ukutani. Yule wa Timau akafika kwenye "mto." Kidole cha wangu kikapanda mdomoni.

Nikaikata simu. Dada yangu nitamweleza, na atanitukana, na nitamweleza tena. Nikaushika ule mkono kabla haujageuza pakiti, nikaurudisha kwenye neno.

"Hapa. Hii ni nini?"

Akaniangalia muda mrefu kama mtu ambaye ameamshwa.

"U," akasema.

"Endelea."

"U... m... Uma?"

"Umekosea," nikamwambia. "Angalia tena."

Akainamisha kichwa, akaangalia.