Kisima Kisichokuwa na Kitu

Watu wa mtaa wetu huku Kisauni, ukiwauliza Kahaso ni nani, watakujibu bila kufikiri: "Si yule muuza mbaazi aliyetuletea kipindupindu?" Hata wapangaji waliohamia juzi, ambao hawajapata kumwona kwa macho, wanasema hivyo hivyo.

Mimi nimekaa naye ua kwa ua miaka thelathini na mmoja. Najua alivyokuja, najua alivyoondoka, na najua ugonjwa ule ulitoka wapi. Nimesoma mpaka darasa la saba, enzi ambazo darasa la saba lilikuwa kitu, na hati yangu ingali nzuri. Basi niacheni niandike.

Alikuja kutoka Ganze akiwa msichana, ameolewa na Changawa, mwanamume mrefu aliyefanya kazi katika machimbo ya mawe. Walijenga chumba kimoja cha udongo upande wa chini wa ua wetu, pale ardhi inapoteremka. Sisi tulikuwa na nyumba ya mawe na kisima cha babake mume wangu. Wao hawakuwa na kitu, na Kahaso alikuwa akija kuchota kwetu. Nikimpa maji nilimpa, nikiwa na wageni nilimwambia arudi baadaye. Sikuona ubaya wake.

Changawa aliona. Alichukua mtaimbo, akaanza kuchimba kisima chake mwenyewe, jioni baada ya kazi, na Jumapili kutwa. Huku kwetu chini ni jiwe tupu la matumbawe. Alichimba miezi minne. Maji yalipotoka alimwita mkewe aonje kwanza yeye. Kahaso aliniambia mwenyewe kwamba yalikuwa na chumvi kidogo, lakini alimwambia mumewe ni matamu kuliko ya Mama Bassam. Huyo Mama Bassam ndiye mimi. Tulicheka sana siku hiyo.

Changawa alipofariki, kifua kimejaa vumbi la mawe, Kahaso alianza kupika mbaazi. Aliziroweka jioni, akazichemsha kwa kuni tangu alfajiri, na tui zito akalitia mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshaondoka motoni, ili lisikatike. Mahamri yake yalikuwa na iliki ya kutosha, si ya kudanganya pua. Kina mama wa nyumba kubwa, nami nikiwa mmoja wao, tulisema hatuli vya barabarani, kisha tukamtuma mtu na bakuli lililofunikwa kwa kawa. Alilijua kila bakuli ni la nyumba gani. Hakumtaja mtu.

Sasa, mvua za vuli za mwaka ule. Zilinyesha mpaka mashimo ya vyoo yakafurika na maji ya njiani yakawa hayajulikani ni ya nini. Wakaanza watu kuharisha, maji meupe kama ya kuoshea mchele. Katika wiki moja walifika tisa. Jumamosi akaja Lewa, mzee wa mtaa wetu.

"Mama Bassam, Jumanne wanakuja watu wa maabara kupima visima vyote. Wataanzia kwako, ndiko kwenye baraza ya kukaa watu."

Sikilizeni kosa langu, maana kwetu sisi halionekani kosa. Mgeni akiarifu kuwa anakuja, nyumba hufagiliwa. Ua hunyunyizwa maji, shuka hupigwa pasi, chetezo hutiwa udi. Hakuna mwanamke wa kwetu atakayemngoja mgeni na nyumba chafu, ati apate kuiona ilivyo. Na wageni hawa walikuwa wanakuja kuangalia maji. Basi nikayaosha maji.

Nilinunua chupa saba za dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile iliyokuwa ikitoa madoa kwenye kanzu za marehemu mume wangu. Jumapili nikamwita Kahaso, kama nilivyozoea kumwita kila penye kazi ya mikono.

"Abee, Mama Bassam."

"Njoo unitilie dawa hii kisimani. Uikoroge vizuri."

Alimimina moja baada ya nyingine ndani ya ndoo, akawa anaiteremsha kwa kamba na kuipandisha. Macho yalikuwa yakimtoka machozi kwa ule ukali.

"Kumbe siku hizi visima hufuliwa kama kanzu?" akasema.

"Wageni wanakuja."

"Na kwangu watakuja?"

"Watapita."

Alishamwaga chupa ya sita. Akaishika ya saba. "Basi hii nikatie kwangu, nami nisiaibike."

"Iache," nikamwambia. "Nina mapazia ya kufua."

Akaiweka chini taratibu. "Hewala," akasema, akajifuta mikono kwa leso akaenda zake.

Jumanne wageni wakaja. Mkubwa wao alikuwa mwanamke kijana, Pascalia, mzaliwa wa Magongo, nywele kazikata kama mvulana na miguuni viatu vya mpira. Alinipa shikamoo yangu kamili, akainama. Akateka maji kwa vichupa vidogo, akachovya kikaratasi cha kupimia dawa. Kikaratasi hakikubadilika rangi. Jua la siku mbili lilikuwa limeshaichukua dawa, ila kazi yake ya kuua vijidudu ilikuwa imekwisha. Kisha akateremka kwa Kahaso, ambaye hakuwa amefagia wala kutia chochote. Alimkaribisha mgeni kwa sahani ya mbaazi.

Walifungua maabara yao katika darasa la shule, kwa kuwa ilikuwa likizo. Ijumaa asubuhi tukaitwa watu wazima tukaone. Juu ya madawati palikuwa na visahani vyenye kitu kama jeli ya kijani, ya kuoteshea vijidudu. Pascalia akanisogeza kwenye darubini yake. Mwanzo niliona kope zangu tu. Akanifundisha nisibane jicho, na mara vikajitokeza: vijitu vimepinda kama alama za mkato alizotufundisha mwalimu wetu, ila hizi zilikuwa zikienda mbio.

"Ndio hawa?"

"Ndio hawa, Bibi. Wape joto na chakula, na nusu saa haiishi kila mmoja amekuwa wawili. Kutwa moja hutawahesabu."

Wallahi nilistaajabu. Miaka yote ile nimechota, nimekunywa, nimetawadha, na dunia nzima imo ndani ya kata na haikuniambia kitu.

Lewa alikuwa akitazama kisahani kimoja chenye vitone vya manjano, kama binzari iliyodondoka. "Hiki ni cha kisima gani?"

Pascalia alisitasita, lakini jina lilikuwa limeandikwa ubavuni. Kilikuwa cha Kahaso. Changu kilikuwa kitupu.

Pascalia akaniita pembeni, karibu na ubao.

"Bibi, kisima chako hakina kitu."

"Alhamdulillahi."

"Sikusifu, Bibi, nakuuliza. Nimetafuta hata wale wa udongoni wasiodhuru mtu, sikuwapata. Kisima kiko wazi, choo cha wapangaji wako kiko hatua kumi na nne, halafu kikose hata mmoja? Nimepima visima kutoka Likoni mpaka Shanzu, hilo sijaliona. Umetia dawa?"

"Mimi? Maji yetu ni matamu tangu enzi za babake mume wangu."

"Kutia dawa si vibaya. Kibaya ni mimi nisijue."

"Sikutia kitu, mwanangu."

Kalamu ikasimama juu ya karatasi. Nilijua hakunisadiki. Lakini amelelewa kwa adabu za huku, na mtoto aliyelelewa hivyo hamwambii mama wa umri wangu kuwa ni mwongo. Akaandika nilivyosema.

Jioni ile mtaa mzima ulijaa uani kwangu. Lewa alisoma majibu. Kabla hajamaliza, kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti: "Kahaso! Siku zote najiuliza mbona mbaazi zako tamu, kumbe zina nyama!" Watu wakaangua kicheko, na watu wale wale walikuwa na wagonjwa nyumbani.

"Mbaazi zangu huchemka saa tatu," Kahaso akasema. "Kijidudu gani hicho kitakachobaki hai? Muulizeni mtaalamu."

"Ni kweli, kuchemsha kunawaua," Pascalia akasema, lakini nani alimsikia.

"Hebu nyamaza, mwanamke! Umetuua na bado una maneno!" mtu mmoja akamfokea Kahaso.

Ndipo Kahaso akasema, bila kupandisha sauti, "Muulizeni Mama Bassam alitia nini kisimani kwake. Nilikitia kwa mikono hii."

Wote wakanigeukia. Kahaso hakunikodolea macho ya ugomvi. Alinitazama kama mtu aliyekutuma dukani na ana hakika kuwa utarudi. Na mimi nikaiona nyumba yetu, jina la mume wangu, babake, wake za watu waliokuwa wamekaa barazani kwangu wakinywa kahawa yangu.

"Mimi sijui anayoyasema," nikasema.

Mtu mmoja akatema mate. "Anataka kumpakazia Mama Bassam!"

Kahaso akatikisa kichwa polepole, kama aliyefahamishwa jambo. "Hewala," akasema.

Kesho yake vijana walikiziba kisima cha Changawa kwa zege. Pascalia alikuwa ameagiza kitiwe dawa na kifunikwe tu mpaka kipimwe tena, lakini vijana hawakungoja. Kahaso aliwaomba ndoo moja ya mwisho, akaimwagia mpapai wake. Siku tano akapika mbaazi, siku tano hakuna bakuli lililokuja, langu likiwemo. Siku ya sita mbaazi zake aliwalisha mbuzi wa jirani. Ya saba alifunga virago, akajitwika sufuria, akaenda kwa kaka yake Kaloleni. Alipita mbele ya baraza yangu. Nilikuwa ndani. Nilimsikia akipiga hodi moja tu, akangoja, kisha nyayo.

Basi mtaa mzima ukawa unachota kwangu. Kwa nini wasichote? Kisima kilikuwa kimepimwa kikaonekana hakina kitu. Nami niliwaacha wachote. Nilijiambia dawa ilikuwa nyingi, itakuwa ingalimo.

Wiki mbili baadaye waliugua ishirini na watatu. Munga, fundi viatu wa pale njia panda, aliugua asubuhi na magharibi alikuwa maiti. Alikuwa ndiye aliyenishonea viatu vya arusi ya Bassam. Maji aliyokunywa yalitoka kwangu, nilimwona binti yake akiyabeba.

Safari hii Pascalia hakuarifu mtu. Saa moja asubuhi nilimkuta uani, kichupa mkononi, ameshachota. Siku tatu baadaye akarudi peke yake, akaketi barazani, hakugusa kahawa. Akanichorea kwenye daftari: choo cha wapangaji wangu juu, kisima changu kando yake, mteremko, na chini kabisa kisima kilichozibwa.

"Maji ya chini yanafuata mteremko kama ya juu," akasema. "Vijidudu walitoka huku kwenu, wakashuka kule. Kahaso alikuwa anakunywa yako, Bibi."

Nikaufuata ule mteremko kwa kidole.

"Ungeniambia siku ile ningekifunga hiki pia. Nilikuuliza."

"Uliniuliza," nikasema.

Akafunga daftari. Kisima changu kikatiwa dawa, kikafungwa, na choo kikahamishwa. Na mnadhani watu walisema nini? Walisema: "Maskini Mama Bassam! Yule mwanamke aliondoka baada ya kumwambukizia kisima chake!" Wakaniletea supu ya kuku. Nami nikainywa.

Mwaka jana, baada ya mfungo, nilikwenda Kaloleni. Nilimkuta Kahaso chini ya banda la makuti, anauza mbaazi, amepungua mwili, mkono mmoja unamtetemeka. Aliniamkia kwa heshima ile ile, akanipa kigoda, akanimiminia chai. Nilimweleza yote: choo, mteremko, uongo wangu, Munga. Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Yeye alikuwa akichambua mbaazi kwenye ungo, anatupa zilizotobolewa na wadudu.

"Umekuja kuniambia mimi?" akasema alipoona nimekwisha. "Mimi nilikuwako, Mama Bassam. Kawaambie wao."

"Nisamehe."

"Kawaambie kwanza."

Chai yangu ikapoa. Alinisindikiza mpaka barabarani, kwa kuwa mgeni husindikizwa.

Nikarudi, nikamwita Lewa na wazee wengine watatu, nikawaambia. Lewa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa. "Mama Bassam, moyo wako ni mwema kupita kiasi," akasema. "Unajitwika ya watu. Pumzika, umri umesogea." Wengine wakaitikia. Nilipowaapia, mmoja akatabasamu. Siku ile uani nilisema neno moja la uongo na mtaa mzima ukalikubali pale pale. Ukweli nimeuapia na hakuna anayeutaka.

Kahaso alifariki mwezi wa tatu mwaka huu. Kaka yake alinipigia simu. Waliposikia huku mtaani, mtu alisema, "Yule wa kipindupindu?"

Ndiyo maana nimeandika, na jina langu nimeliweka. Asiyenisadiki na aje nyumbani. Chupa ya saba iko nyuma ya mtungi, kifuniko chake hakijafunguliwa. Mapazia sikuyafua.