Jina Letu Lilipozuiwa Meru

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Mtu akinisalimu mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka nini. Mume wangu alikuwa akinicheka, ati hata mayai ya kuku wangu mwenyewe nayakagua kama askari wa mpakani. Basi fikirieni nilivyojisikia siku ile mwenye duka mmoja mjini Meru aliponirudishia kipande changu, yaani kitambulisho, juu ya kaunta na kuniambia, kwa upole, kwamba jina langu limezuiwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimeolewa Nkubu, nikishona nguo kwa cherehani ya mwanamke mwingine katika kibanda chake pale sokoni. Yeye alikaa kwenye stuli akipokea wateja na sifa zao, mimi nikikanyaga pedali mpaka magoti yanauma. Mwaka huo shule moja ya msingi ilikubali nishone sare zake za Januari, mimi peke yangu, mradi nionekane na cherehani yangu kabla shule hazijafungwa. Nikikosa, kazi ingeenda kwa tajiri wangu wa stuli. Kununua kwa mara moja sikuweza. Nilichoweza ni kutoa kianzio na kulipa polepole, kama watu wengine wote walivyochukua vitanda na redio zao.

Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu, mtu wa sauti ya chini, ambaye baba yake pia alikuwa amefanya biashara mjini hapo.

"Mama, mwenye jina hili alikuja hapa mwenyewe," aliniambia. "Alituomba tusimpe mtu yeyote kitu cha mkopo kwa jina hili. Hata mtu akija na kipande mkononi, tusimpe."

"Mwenye jina ni mimi."

"Hata mwizi angesema hivyo, mama. Uniwie radhi."

Nilitoka nikaingia duka la pili, kisha la tatu. Nilijibiwa kabla sijafika kwenye jina langu la mwisho, lile la babu. Wenye maduka wa mtaa ule walikuwa na desturi ya kuambiana habari za wakopaji wakati wa chai, na aliyekwama kwa mmoja alikuwa amekwama kwa wote. Nilirudi Nkubu na kianzio changu kifuani, nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani.

Nilianza na tajiri wangu. Nani mwingine angefaidika nikikosa cherehani? Tena wiki hiyo alikuwa amenitumia mtu aniletee soda. Mwanamke ambaye hakuwahi kuninunulia hata andazi! Niliinywa ile soda nikimtazama, naye akanitazama, na kila mmoja wetu akatabasamu. Nikahamia kwa mume wangu. Usiku mmoja aliniuliza kama lazima hiyo cherehani iwe yangu, na swali hilo nikalitafuna siku nyingi. Chakula nilimpikia, lakini mazungumzo nilimnyima.

Mwishowe nikaona nisipouliza nitaumwa kichwa bure. Nilirudi kwa yule mzee nikamwomba aniambie tu huyo mwanamke alikuwaje.

"Wa rika lako," alisema. "Mikono yake yote imechanwachanwa na miiba."

Hapo nikajua, na moyo ukaniuma. Mtu mmoja tu niliyemfahamu alikuwa na mikono ya namna hiyo, na alikuwa akikata maua ya waridi katika shamba kubwa kule Timau.

Kwetu Embu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Baba yangu na kaka yake walipata wasichana wao wa kwanza mwaka mmoja, katika boma moja karibu na Karurumo, kwa hiyo mimi na huyu binamu wa Timau sote tukapewa jina la nyanya yetu. Tulibatizwa Jumapili moja, na wazazi wetu, kwa kuogopa kumuudhi mwenye jina, wakatupa hata lile lake la kanisani. Shuleni mwalimu akamwandikia kila mtoto wa boma hilo jina la babu. Majina yote matatu yakalingana. Nyanya alifurahi kujiona akitembea uani mara mbili, na sisi tuliitana wajina. Hakuna aliyewaza habari za maduka.

Nilimfuata Timau Jumapili. Nilimkuta nje ya nyumba za wafanyakazi, amejifunga shuka mbili kwa ile baridi, akifua. Hakuinuka haraka.

"Wajina," alisema. "Umekuja kwa wema?"

"Nimekuja kwa jina langu. Kwa nini ulienda kulizuia?"

Alinipa chai kwanza, kisha akanieleza bila kunitazama usoni. Kipande chake kilikuwa kimepotea. Muda mfupi baadaye mwanamke fulani alichukua kitanda na redio kwa jina letu katika duka lingine la Meru, akatokomea. Watu wa duka walikuja mpaka getini pa shamba, wakamwita kwa sauti mbele ya wenzake wote kama mwizi, na msimamizi nusura amfukuze kazi. Alipopata kipande kingine alizunguka maduka yote akiomba wasimkopeshe tena mtu wa jina hilo.

"Na mimi je?" nikamwuliza. "Wewe si ulijua niko?"

"Nilijua uko," alisema, akaokota nguo akaendelea kufua.

Sikulipenda jibu hilo. Nilimweleza habari ya sare, na kwamba shule zilikuwa karibu kufungwa, na kwamba mzee wa duka angelifungua jina kwa ombi la yule tu aliyekuja kulizuia. Alifikiri sana. Alisema atakuja Jumamosi. Njia yote ya kurudi nilijiuliza atanidai nini.

Jumamosi alikuja kweli, na viatu vyake vizuri. Yule mzee alitutazama, huyu kisha yule, akavua miwani akaifuta. "Subhanallah," alisema kwa sauti ile ile ya chini. Halafu akatoa sharti lake. Jina angelifungua, lakini aliyelizuia ndiye awe mdhamini wangu. Nikishindwa kulipa, watamrudia yeye getini pa shamba.

Wajina aliniomba tutoke nje kidogo. Tulisimama kwenye veranda ya duka, kando ya magodoro.

"Wacha nikwambie kitu," alisema. "Huyo mwanamke wa kitanda, niliuliza wale watu alikuwaje. Wakasema mrefu, mweusi, ana mwanya kwa meno ya mbele. Nikaona ni wewe."

Mwanya ninao, na wanawake warefu weusi wenye mwanya wamejaa kutoka Meru hadi Embu.

"Walitaka niende polisi niandikishe," aliendelea. "Nilikataa. Wangekuja kukutoa kwako Nkubu mbele ya watu wa mume wako. Nikasema afadhali hiyo jina izuiwe, tukose sisi wote wawili."

Nilitaka kumtukana. Nilitaka pia kulia, na sikujua kipi kianze. Miezi yote hiyo alikuwa ameniona mwizi, na miezi yote hiyo alikuwa amenificha.

"Sasa niambie leo," alisema. "Ni wewe ama si wewe?"

"Si mimi."

Alinitazama macho kwa macho, muda mrefu, kama ninavyowatazama watu mimi. Sikuwahi kujua jinsi mtazamo huo unavyochoma mpaka nilipoelekezewa. Kisha akaingia ndani, akaomba kalamu, akaandika majina yetu matatu mahali pa mdhamini, chini ya yale yale matatu niliyoandika mimi.

Cherehani ilifungwa kwa gunia. Tuliibeba wote wawili mpaka stendi, yeye upande huu na mimi ule. Gari la Timau lilikuwa linaita abiria. Alipoweka mguu mlangoni nilimshika kanga.

"Wajina, umeniamini?"

"Hapana," alisema. "Lakini unahitaji cherehani."