Katani Husokotwa Pajani

Katani haisokotwi kwa maneno. Unakaa mkekani, unapandisha kanga, unalaza nyuzi za mkonge juu ya paja tupu na kuziviringisha kwa kiganja mpaka ziwe uzi. Ndiyo maana mama alifanyia kazi hiyo uani, mlango umekomewa, na hata kaka zangu walipiga hodi. Mimi niliuchukua uzi wake nikautia rangi, nikautunga na shanga kuwa mikufu, vikuku na hereni. Nilivivaa mwenyewe kila nilipotoka, na wasichana wa mtaani kwetu Ngamiani walinisimamisha njiani kuuliza.

Akaja mwanamke mmoja mwenye duka hotelini, huko Pangani. Mikufu aliipenda, lakini alisema wageni hununua zaidi wakimwona aliyesokota. Alitaka picha. Mama alikataa. Nikambembeleza: "Mama, ni mwanamke mwenzetu huyu, na anapiga picha mikono tu." Nilijua si mikono tu. Mama akaniamini, akanitazama mimi niliyesimama nyuma ya yule mwenye duka akipiga picha, akatabasamu.

Baadaye nilitumiwa kwenye simu kadi itakayofungwa katika kila mkufu. Uso wa mama ulikuwemo, na paja lake lote. Niliitazama kitambo. Halafu nikajibu, "Nzuri sana." Nilitaka vitu vyangu viuzwe hotelini, basi, sina sababu nyingine ya kujitetea nayo.

Mume wa mdogo wangu alikwenda Pangani kwa shughuli zake, akamnunulia mkewe mkufu. Hakuitazama kadi mpaka alipofika nyumbani. Mkwe! Mtu ambaye mama alijitanda ushungi kila aliposikia kikohozi chake barazani. Tangu siku ile hakuingia tena kwetu. Akipita alitoa shikamoo yake kutoka barabarani, macho chini, akaenda zake.

Mdogo wangu ndiye aliyemletea mama ile kadi. Mama hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Aliniuliza moja tu: "Uliiona kabla haijatoka?"

Nikasema niliiona.

Akakunja mkeka. Yule mwenye duka nilimpigia simu nikamtukana matusi ya nguoni, naye akanijibu kwa utulivu kwamba niliridhia mwenyewe. Alisema kweli, na kwa hilo namchukia mpaka leo.

Tuliishi nyumba moja miaka mitatu baada ya hapo. Mama alinipakulia chakula, alinijibu salamu, lakini mazungumzo yalikwisha. Mimi nikawa nanunua uzi wa kiwandani.

Alipofariki, maji ya kumwoshea yalipokuwa tayari, nilikunja mikono ya gauni nikaelekea chumbani na wanawake wengine. Shangazi akanizuia mlangoni. Alinishika bega kwa upole, machozi yanamtoka.

"Mdogo wako aingie," akasema. "Wewe, mama yako kaacha wosia usimwoshe. Kasema ushamfunua mara moja, yatosha."