Nilimtania mama mkwe nikidhani ni shemeji: Rangwe, miaka ya sitini

Wakuu, mko salama? Hii sikusimuliwa na mtu, iliniangukia mwenyewe.

Naona wengi humu mnahangaika na Kikorea. Mjukuu wangu pia anakariri majina ya ukoo nyumba nzima, eti shangazi wa kwa baba ni gomo, wa kwa mama ni imo. Poleni. Mimi yalinikuta na Kijaluo.

Kwetu ni Kegonga, Mkuria damu. Akinyi alikuwa mwalimu shule ya misheni ya Wasabato karibu na sisi. Tukapendana. Jumamosi tukitoka kanisani ananifundisha watu wa kwao. Waya ni dada ya baba. Yuoro ni shemeji, huyo unaruhusiwa kumtania. Maro ni mama mkwe, huyo ni heshima tupu, hata chakula huli mbele yake.

Nikakariri yote. Confidence juu.

Siku ya kwenda kwao Rangwe kujitambulisha, babake alikuwa ameshasema hataki mkwe wa mbali asiyejua desturi zao. Yaani siku hiyo ndiyo ingeamua kama nampata Akinyi au namkosa.

Tukaketi. Chakula kikawekwa, akaja dada mmoja mrembo na maji ya kunawa, rika la Akinyi kabisa. Nikajua huyu ni yuoro, nani mwingine? Nikamvutia kiti.

"Shemeji, kaa tule pamoja, nikutafutie mume Kegonga."

Yule dada akarudi nyuma na maji yake. Wazee wakatazamana, wakuu, nikajua kuna neno.

Shangazi yake Akinyi akaniinamia. "Kijana, huyo ni bibi mdogo ya mzee. Huyo ni maro yako."

Akinyi hakuwa ameniambia maro wanaweza kuwa wawili, na mmoja awe msichana wa rika lake.

Nikasimama, samaki sijaonja. Nikamwinamia yule dada. "Maro, nisamehe. Siwezi kula mbele yako."

Nikatoka nje na njaa yangu, nikijua nimeshamkosa Akinyi. Niliumia sana.

Baadaye waya akanifuata. "Maro yako amesema na mzee. Amemwambia, 'Tangu niolewe hapa watoto yako wananiita kwa jina tu. Huyu mgeni ndiye wa kwanza kuniita maro. Mkimkataa, mmenikataa na mimi.'"

Kisha nikaletewa sahani yangu pale nje, kwa amri ya mzee mwenyewe, ndiyo kusema Akinyi nimempata. Nilikula ugali wote kwa raha. Afueni kama ile sijaipata tena.

Funzo ni kwamba kukariri neno hakutoshi. Uliza kwanza nani ni nani kwa hilo boma.

Mliooa ama kuolewa mbali, yenu yalikuwaje? Shusheni hapa, nasoma zote.

Maro bado yuko hai, tumezeeka pamoja. Mpaka leo sijala mbele yake, na boma lote linamwita mama.