Ni Waya

Pikapu ile ilikuwa haijawahi kuzima mbele yangu, na hilo ndilo lililoniudhi kwa majuma mawili. Mwenyewe alikuwa seremala wa Manyatta, Kisumu, aliyeinunua ikiwa imeshachoka mikononi mwa wengine. Alisema inakufa yote kwa mpigo, njiani, bila honi wala taa, halafu inafufuka yenyewe. Lakini ikifika kwangu, kwenye uwanja wa mafundi karibu na Obunga, inanguruma bila kasoro. Nilibadilisha plagi. Nikabadilisha koili. Nikasugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa.

"Inakuogopa," seremala aliniambia. "Ikikuona inapona."

Sikuwa fundi wa cheti. Niliacha shule darasa la saba, nikauza omena, nikapakia mchanga, nikashona viatu; sikukaa popote zaidi ya mwaka. Lakini jambo nisilolielewa huninyima usingizi.

Kisha baba wa seremala akafa. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka. Aliwahi kunieleza mara moja tu, tukiwa wote chini ya gari: alimjibu mzee vibaya mbele ya wageni, mzee akamwambia asikanyage tena bomani, naye akatii kwa hasira mpaka hasira ikawa mazoea. Sasa alitaka kumpeleka nyumbani, Pap Onditi, kwa gari lake mwenyewe. Akaniomba niandamane naye, gari lisije likamwaibisha na maiti ya baba yake.

Nilikubali. Sikukubali kwa ajili ya msiba. Nilitaka kuiona ikizima.

Ilizima tulipoipita Ahero, katikati ya mashamba ya mpunga, manyunyu yakianguka. Nyuma kulikuwa na jeneza, na kando yake shangazi wa seremala, dada wa marehemu, pamoja na wanawake wengine watatu. Nikafungua boneti. Nilikuwa na testa, balbu ndogo niliyoiunga nyaya mbili. Nikaigusisha kwenye betri, ikawaka. Umeme upo, basi unapotelea njiani.

"Shida ni waya," nikasema kwa sauti.

Kwa Kidholuo, shangazi huitwa waya.

"Mimi tena?" sauti ikatoka nyuma. "Nimekaa tu na ndugu yangu hapa, fundi unanisingizia!"

Wanawake wakacheka, kile kicheko kifupi cha matangani. Kisha shangazi akaacha utani.

"Toa mkono hapo, fundi. Hiyo si kazi ya spana. Mzee amekataa. Anajua ni nani anayemwendesha." Akamgeukia seremala. "Wewe, panda hapa. Ongea na baba yako."

Kwetu gari la maiti likigoma, mwenye neno lililobaki hulisema hapo hapo barabarani. Wanawake wakashuka kumpisha. Seremala akapanda, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akainama. Nilijitia kutosikia, lakini nilisikia.

"Baba, nilikosa. Ulinifukuza, nami nikajifanya nimesahau njia. Nikubalie tufike."

Akaruka chini, akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Gari likawaka.

Wanawake walilia kwa sauti. Shangazi akaniambia, machozi yakimtiririka, "Umeona, fundi? Marehemu amekushinda ufundi."

Seremala aliendesha hadi Katito. Hapo ndipo aliposema, bila kunitazama, "Amenijibu." Baada ya mwendo akarudia, "Amenijibu, omera, ndugu yangu."

Tulizika kesho yake mchana. Watu wakila, mimi nilienda kwenye pikapu. Ningeweza kukaa nikala kama wengine. Nikaingia chini ya dashibodi na kuufuata ule waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye fyuzi. Pale unapopenya bati, mpira wa kuukinga ulikuwa umekwisha. Kwa nje waya wenyewe ulionekana mzima. Nilipoubonyeza, ndani ulikuwa laini, kama mfupa uliovunjika bila ngozi kuchanika. Nikawasha ufunguo, nikaukunja waya, taa nyekundu ya dashibodi ikazima. Nikaunyoosha, ikawaka. Ndiyo maana kwangu haikuzima kamwe: ilikuja tupu. Ikibeba mzigo bodi inajipinda kidogo, na shaba iliyokatika inaachana.

Seremala akanikuta hapo. "Umepata nini?"

"Ni waya."

Akageuka kutazama upande wa jikoni, alikokaa shangazi yake. "Amefanya nini?"

"Si yeye. Huu hapa."

Nikamwonyesha. Nilimwonyesha kwa majivuno, Mungu anisamehe. Akaushika mwenyewe. Akaukunja, ikazima. Akaunyoosha, ikawaka. Akarudia, na kurudia tena.

"Kwa hiyo wale mama waliposhuka..."

"Ndiyo, mzigo ulipungua."

"Na mimi niliporuka."

"Bodi ilitikisika, shaba ikagusana, ikashika mpaka tukafika."

Akauachia waya. "Hukuweza kungoja hata tufike Kisumu?"

"Ingezima tena njiani," nikasema.

"Ingezima," akasema. "Ningeongea naye tena."

Akaenda zake. Niliukata waya ule, nikaunga mpya, nikafunga tepu. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile, wala hakuna aliyekuja kuitazama.

Tuliporudi, shangazi alikaa katikati yetu, akasinzia. Kabla ya Ahero, penye mpunga, seremala akasogea kando ya barabara na kusimama. Injini ikanyamaza. Shangazi akashtuka.

"Imezima tena?"

"Hapana, Waya. Nimeizima mimi."

Alikaa na mikono kwenye usukani. Midomo yake ilicheza kidogo, lakini safari hii sikusikia kitu. Kisha akazungusha ufunguo, na gari likawaka mara moja, kama gari lolote.