Mama Visogo na Ukumbi wa Mwisho

Filamu ya kwanza aliyoihariri hakuiona ikionyeshwa. Aliogopa. Aliketi mstari wa nyuma kabisa, akainamisha macho yasifike kwenye pazia la sinema, na badala ya picha akawa anatazama vichwa vya watu. Akagundua kwamba visogo vinasema. Hadithi ikilegea, mtu hujikuna, hunyoosha shingo, humgeukia jirani. Hadithi ikimshika, kichwa hutulia kama kimepigiliwa msumari. Kesho yake alirudi chumba cha uhariri akakata karibu kila sehemu ambayo watu walijikuna.

"Umeniulia bibi harusi wangu," mwongozaji akalalamika.

"Hajafa, kaka. Nimempunguzia maneno tu."

Filamu ilijaza ukumbi msimu mzima, na yeye akabaki na jina la Mama Visogo kabla hata hajawa mama wa mtu. Alipanda cheo baada ya cheo mpaka akawa mkurugenzi wa kampuni ya filamu ya taifa. Ghorofani alipewa ofisi yenye zulia, lakini hakuna filamu aliyoipitisha akiwa humo. Aliwaalika madobi, madereva, wauguzi waliotoka zamu, akawakalisha ukumbini, kisha akaketi nyuma yao. Mumewe, fundi wa projekta, alimchungulia kutoka kwenye kidirisha chake akicheka. "Mke wangu," aliwaambia wenzake, "ndiye mtu pekee anayeingia sinema bure na bado haoni sinema."

Kisha kampuni ikavunjwa. Wakubwa walisema sanaa sasa itajitegemea, kauli tamu ya kumfukuzia mtoto nje kabla hajaota meno. Mitambo ikapigwa mnada. Wahariri wakageuka wapiga picha za harusi. Mama Visogo alikataa kwenda kulea wajukuu kama alivyoshauriwa. Alizunguka ofisi baada ya ofisi, akikalishwa kwenye mabenchi na vijana ambao hawakumjua, akidai jambo moja tu: ukumbi ule usiuzwe. Ulikuwa umebaki peke yake, mahali pa mwisho ambapo dobi angeweza kukaa gizani na wageni na kumwona dobi mwenzake kwenye pazia, mkubwa kama ukuta, akiheshimiwa. Mnunuzi alitaka kuufanya ghala la magodoro.

Hatimaye kamati ya majengo ikakubali kuja kutazama filamu kabla ya kutoa uamuzi. Aliwachagulia ile ya kwanza. Alikuwa na sababu: mwenyekiti wa kamati ndiye aliyeigiza ndani yake akiwa kijana, na hadi leo watu humwita Bwana Harusi, ingawa ana kitambi na wajukuu.

Walikuja alasiri. Viti vilikuwa vimetoka sponji, na dari ilikuwa na madoa ya mvua. Mumewe akawasha projekta. Mama Visogo akaketi nyuma, mahali pake.

Hakuna kichwa kilichotikisika. Bibi harusi alilia, wakatulia. Ikafika ile sehemu ndefu ya safari, ambayo miaka yote hukohoza watu, wakatulia. Hakuweza kujizuia, akapanda ngazi hadi chumba cha projekta.

"Baba, tumeshinda."

"Umeona nini?"

"Hakuna aliyejikuna. Hata mmoja."

"Ngoja kwanza taa ziwake," mumewe akasema.

Taa zilipowaka, hakuna aliyegeuka nyuma. Wanakamati walitoka kwa mlango wa pembeni, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka chumba cha mgonjwa. Bwana Harusi peke yake ndiye aliyepanda ngazi kumfuata Mama Visogo.

"Mama," akasema, "tulitia saini asubuhi. Hatukujua tukwambieje. Tukaona angalau tuje tukae kwa heshima."

Mama Visogo akachungulia viti vitupu kupitia kidirisha.

"Kumbe ndiyo maana hamkujikuna."

"Uamuzi ulitoka juu, mama."

"Ulipokuwa kijana ulikuwa ukidanganya vizuri zaidi."

Wapo wanaosema alikosea kuwaamini watu wale. Mimi nasema hakuwaamini wao. Aliamini macho yake, macho yaliyojenga kila filamu nzuri tuliyowahi kuwa nayo, na wao wakayatumia kumdanganya. Waliketi pale wameganda kwa aibu, na aibu, ukiitazama kutoka nyuma, inafanana mno na mapenzi. Kama wangekuwa na aibu ile asubuhi, kalamu ikiwa mkononi, leo tungekuwa na ukumbi. Tuna magodoro. Yamepangwa mpaka kwenye kidirisha cha projekta.

Mama Visogo na mumewe wanaishi katika vyumba viwili nyuma ya gereji. Jioni mumewe huwasha televisheni, naye huvuta kiti chake mpaka mbele kabisa, magoti yakikaribia kugusa kioo, mahali ambapo hataona kisogo cha mtu yeyote.

"Unaniziba," mumewe humwambia.

Hasogei.