Mama Mkwe Alipojaribu Kadi ya Gemu

Mume wangu alipunguzwa kazi kiwandani enzi zile za ubinafsishaji, tulipoambiwa kila mtu ajiajiri. Wenzake walinunua mashine za kusaga. Yeye alichukua kiinua mgongo chake akaenda Dar es Salaam, akarudi Mikumi na kompyuta aliyoiviringishia blanketi kama mtoto mchanga. Alitaka kufungua ukumbi wa gemu. Fahari yake hasa ilikuwa kadi ya ndani, ile inayochora picha. Alifungua kifuniko akanionyesha: kadi ilikuwa na feni yake peke yake. Sisi wenye nyumba hatukuwa na feni.

Kabla ya kuanza biashara, ilibidi kadi ijaribiwe. Akachagua gemu ya mbio za magari katika mji wa Ulaya, kwa sababu, alisema, gari likikimbia ndipo kadi dhaifu huumbuka na picha zikakatikakatika. Majirani wakajaa sebuleni. Akakanyaga mafuta, akagonga ukuta. Akarudia, akagonga kanisa.

"Kadi haina tatizo," alisema huku akijifuta jasho. "Tatizo barabara."

Mama yake alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kidete. Maishani mwake hakuwahi kushika hata baiskeli.

"Hebu nipishe, mwanangu, niendeshe."

Angemkatalia vipi mama yake? Akamwonyesha vitufe. Mama mkwe akaondoka taratibu, kama anayebeba maji kichwani. Magari mengine yakampita yote.

"Kanyaga mafuta, mama! Hizi ni mbio!"

"Nikimbilie wapi, na mji wenyewe siujui?"

Akasimama kutazama maduka. Akaona dimbwi lenye kivuli cha mawingu, akasema, "Huku jana imenyesha." Picha haikukwama hata kidogo. Akina mama wakasogeza viti: "Pita kushoto, bibi, tuone lile daraja." Mwishowe yakatokea maandishi ya Kiingereza kwamba ameshika nafasi ya mwisho. Akaniuliza wanasemaje.

"Wanasema umefika salama, mama."

"Nawashukuru," alijibu.

Ukumbi ulipofunguliwa, vijana walikuja kushindana, wakatuzomea kila umeme ulipokatika. Akina mama walikuja mchana, wakalipa kama wengine, wakaomba kutembezwa na bibi. Mume wangu aliumia sana. "Kadi yote hii, kazi yake kutembeza akina mama!" alilalamika, lakini pesa yao aliipokea.

Mama mkwe alikaa nasi hadi mvua zilipoanza, kisha akarudi kwake. Tulipomfuata Kidete baadaye, tulimkuta amezungukwa na wageni. Nilidhani anawasimulia tembo wa mbugani, maana basi lake lilikuwa limewapita karibu kabisa. Hata hakuwataja. Alikuwa anawaeleza habari za Ulaya.

"Kule ni safi," alisema, "ila watu wake wana haraka, na salamu hawana."